TAHARIRI: Kijana, usifungue kila mlango kwa ufunguo mmoja

Kijana anayeandika programu katika miji yetu leo mara nyingi hana mwajiri mmoja. Asubuhi yuko kwenye mradi wa kampuni iliyompa mkataba. Mchana anarekebisha tovuti ya mteja wa Mombasa anayeuza vitambaa. Usiku anaingia kwenye seva ya mteja wa ng'ambo ambaye hawajawahi kuonana ana kwa ana. Wikendi, akisalia na nguvu, anaendeleza ile apu yake mwenyewe anayoamini siku moja itamtoa. Yote hayo yanafanyika kwenye laptopu moja na, kwa wengi, kwa ufunguo mmoja wa SSH.

Hapo ndipo noma inapoanzia.

Huenda unasoma hapa na hujawahi kufungua terminali maishani mwako. Usiondoke. Rekodi za chama chenu, majibu ya vipimo vyako vya hospitalini na namba ya simu uliyoacha uliponunua viatu mtandaoni zimekaa kwenye seva mahali fulani. Anayeingia kwenye seva hizo kuzirekebisha ni kijana kama huyu. Namna anavyotunza funguo zake inakuhusu wewe pia.

SSH ni njia ya kuingia kwenye tarakilishi iliyo mbali bila mtu wa katikati kusikiliza mnachozungumza. Ilibuniwa mwaka wa 1995 na Tatu Ylönen, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, baada ya mtandao wa chuo hicho kuvamiwa na mtu aliyekuwa akinasa nywila za watumiaji. Enzi hizo nywila zilisafiri wazi kama maandishi ya postikadi. Aliyekaa njiani alizisoma tu. Mwaka wa 1999, wasanidi wa mradi wa OpenBSD walitoa OpenSSH, programu huria ambayo hadi leo ndiyo utakayoipata kwenye seva nyingi za Linux.

Unaweza kuingia kwa SSH ukitumia nywila, lakini njia iliyo bora ni jozi ya funguo: ufunguo wa umma na ufunguo wa siri. Majina haya huwachanganya wanaoanza, kwa hivyo tuyaweke kwa lugha ya nyumbani. Ule wa umma hufanya kazi kama kufuli. Unaweza kuisambaza kwa watu mia, kila mmoja akaifunga kwenye mlango wake, na hakuna hasara mtu yeyote akiiona. Ule wa siri ndio unaofungua kufuli hizo zote. Huo haupaswi kutumwa kwa mtu, kuwekwa kwenye WhatsApp wala kupakiwa mtandaoni, hata kwa dakika moja.

Kuitengeneza jozi hiyo ni kazi ya sekunde chache. Unaandika amri ya ssh-keygen -t ed25519, unabonyeza Enter mara kadhaa, na faili mbili zinazaliwa kwenye folda ya .ssh. Urahisi huo ni baraka, lakini pia ndio uliotuzoesha vibaya. Tangu Agosti 13, 2021, GitHub haikubali tena nywila ya akaunti unapotuma msimbo kupitia Git. Wengi walilazimika kuchagua kati ya tokeni na ufunguo wa SSH. Waliochagua ufunguo walinakili amri kutoka popote walipoipata, wakaona kazi imekubali, na hawakurudi tena kujiuliza ufunguo ule unafungua milango mingapi.

Basi tuihesabu pamoja. Kijana mwenye ufunguo mmoja akiibiwa laptopu ndani ya matatu, hajapoteza laptopu peke yake. Ikiwa diski haikufichwa kwa usimbaji na ufunguo haukuwekewa nywila, mwizi ana njia ya kuingia kwa kila mteja. Inabidi kijana huyo awapigie wote, mmoja baada ya mwingine, aombe kufuli yake iondolewe. Je, anakumbuka wote? Yule wa mwaka juzi aliyelipa nusu akapotea, seva yake bado ipo? Bado inamkubali?

Sasa mchukulie mwenzake aliyetenganisha: ufunguo mmoja wa kampuni, mwingine wa mteja wa Mombasa, wa tatu wa ng'ambo na wa nne wa mambo yake. Naye akiibiwa laptopu atahangaika, hatukatai. Lakini ufunguo mmoja pekee ukivuja, labda aliupakia kwenye ghala la msimbo bila kujua, anaufuta huo mmoja na kazi nyingine zinaendelea. Mkataba ukiisha, anautupa ufunguo wa mkataba huo bila kugusa kitu kingine. Mwenye ufunguo mmoja hawezi kufanya hivyo. Akiutupa, amejifungia nje ya kila mahali. Ndiyo maana hautupi kamwe.

Hata wakubwa huteleza. Mnamo Machi 2023, GitHub yenyewe ililazimika kubadilisha ufunguo wake wa SSH wa aina ya RSA baada ya sehemu yake ya siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye ghala lililo wazi kwa umma. Walioutumia ufunguo huo kuitambua GitHub walikutana na onyo la kutisha kwenye skrini na wakalazimika kusasisha rekodi zao. Lakini GitHub ilikuwa na funguo nyingine za aina tofauti, na waliokuwa wakizitumia hizo hawakuguswa. Hilo ndilo somo. Funguo zikitenganishwa, moto wa chumba kimoja hauteketezi ploti nzima.

Kuna wanaotenganisha funguo kwa sababu hawana budi. GitHub haikubali ufunguo mmoja uwekwe kwenye akaunti mbili. Kijana mwenye akaunti yake binafsi, kisha akapewa nyingine ya kazini, anakataliwa siku ya kwanza ofisini na kulazimika kutengeneza ufunguo wa pili. Kisha swali jipya linazuka: sasa tarakilishi itatumia upi?

Simu zetu nyingi zina laini mbili. Moja ya biashara, nyingine ya nyumbani. Ukitaka kupiga, simu inaweza kukuuliza: unapiga na laini gani? SSH haikuulizi hivyo. Usipoielekeza, inajaribu funguo ilizo nazo mmoja baada ya mwingine, kama keateka aliyebeba kishada kizima akijaribu kila ufunguo mlangoni. Tena seva hazina subira. Kwa kawaida OpenSSH huruhusu majaribio 6 kwa muunganisho mmoja. Ukiwa na funguo 8 na ule sahihi ni wa mwisho, utafukuzwa mlangoni ilhali ufunguo halali uko mfukoni mwako. Ubaya zaidi ni pale mlango unapofunguka kwa ufunguo usioukusudia, ukaingia ukiwa na jina la kazi nyingine.

Ni tatizo hili lililozaa vyombo vidogo vya kubadilisha funguo kwenye terminali. Kimoja kinachojulikana ni skm, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Go. Haina madirisha wala rangi za kuvutia. Inachofanya ni hiki: kila jozi ya funguo inawekwa kwenye folda yake na kupewa jina la kawaida, tuseme kazini, mombasa au binafsi. Ukiandika skm ls, inakuorodheshea funguo zako na kukuonyesha upi unatumika sasa. Ukiandika skm use mombasa, ufunguo wa mombasa ndio unaokaa mahali ambapo SSH hutazama kwanza.

Siri yake ni ndogo mno. Haihamishi faili huku na huku kila unapobadilisha. Inaweka kiungo kwenye folda ya .ssh, yaani kibao cha njia kinachosema "ufunguo uko kule", na unapobadilisha inageuza kibao hicho kielekee folda nyingine. Ni kazi ambayo kijana aliyesoma uandishi wa skripti kwa muhula mmoja anaweza kujiandikia mwenyewe. Nasi tunawahimiza wanafunzi wajaribu. Chombo kidogo kinachotatua tatizo moja unalolielewa hufunza mengi kuliko mradi mkubwa ulionakiliwa ili kujaza ukurasa wa wasifukazi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Chombo hiki kina mipaka, na asiyeijua mipaka hiyo anaweza kuumia zaidi ya asiyekitumia.

Mpaka wa kwanza ni kwamba kibao ni kimoja kwa mashine nzima. Ukiwa na madirisha mawili ya terminali, moja la mteja wa ng'ambo na jingine la kazini, ukabadilisha ufunguo katika dirisha la pili, umeubadilisha hata kule kwa kwanza. Dirisha lenyewe halitakuambia. Mtu aliyechoka saa nane za usiku hatakumbuka.

Mpaka wa pili ni kumbukumbu. Tarakilishi nyingi huendesha programu iitwayo ssh-agent, inayoshikilia funguo ulizokwisha kuzifungua ili usiandike nywila kila mara. Unaweza kugeuza kibao, lakini ufunguo wa zamani ukabaki mkononi mwa ssh-agent na ukaendelea kutumika. Amri ya ssh-add -l itakuonyesha anachoshikilia, na ssh-add -D itamwambia aachilie vyote.

Mpaka wa tatu ndio unaowanasa wengi. Kubadilisha ufunguo hakubadilishi jina lako kwenye kazi. Ufunguo unaamua kama utaruhusiwa kuingia. Jina na baruapepe zinazoandikwa kwenye kila badiliko la msimbo zinatoka kwenye mipangilio ya Git, ambayo haijui habari za SSH. Ndiyo maana unaweza kutumia ufunguo sahihi wa kazini na bado historia ya mradi wa kampuni ikajaa baruapepe ile uliyofungua ukiwa kidato cha pili, yenye jina la utani ambalo hungependa bosi alione. Git ina njia ya kulimaliza hili: unaweza kuiagiza itumie jina na baruapepe tofauti kwa miradi iliyo ndani ya folda fulani. Panga folda ya kazini na ya binafsi, uweke mipangilio mara moja, basi.

Na ukishafika hapo, utagundua kwamba hata funguo zenyewe zinaweza kupangwa hivyo hivyo bila chombo chochote cha ziada. OpenSSH ina faili ya mipangilio, config, ndani ya folda ya .ssh. Humo unaipa kila seva jina la utani, unaandika ni mtumiaji gani na ni faili gani ya ufunguo itumike, kisha unaongeza mstari wa IdentitiesOnly yes ili SSH isijaribu funguo nyingine zozote. Kuanzia hapo, ukiandika ssh mombasa, ni ufunguo wa mombasa pekee utakaotolewa, uwe na madirisha mawili au kumi. Hubadilishi kitu, kwa hivyo hakuna cha kusahau kubadilisha.

Basi vyombo vya kubadilisha vina faida gani? Vinamsaidia anayeanza kuziona funguo zake zote kwa majina, kuzitengeneza na kuziweka nakala za akiba bila kuchanganyikiwa. Pia vinamfaa mtu ambaye kwa siku nzima yuko kwenye kazi moja, kesho nyingine. Lakini kwa yule mwenye wateja watatu kwa saa moja, msimamo wetu ni kwamba faili ya mipangilio ni salama zaidi. Na utumie chochote utakachotumia, jenga mazoea ya kuuliza kabla ya kutuma. Amri ya ssh -T git@github.com itakujibu kwa kukutajia akaunti unayotambulika nayo. Ni sekunde 2 tu. Mtu hufa maji akijua kuogelea, lakini wengi huzama kwa kutopima kina.

Jambo hili si la vijana peke yao. Waajiri wana lawama yao, tena kubwa. Kuna ofisi ambako ufunguo wa siri wa seva kuu ni mmoja kwa watu wote. Mgeni akiajiriwa anatumiwa faili hiyo kwenye WhatsApp, na akiondoka, anaondoka nayo simuni. Kukitokea hitilafu usiku, rekodi za seva zinaonyesha ufunguo ule ule wa kila siku, na haiwezekani kusema nani alifanya nini. Kisha lawama inamwangukia mdogo kuliko wote, mara nyingi kijana aliye kwenye mafunzo ya kazi, kwa sababu hana wa kumtetea. Kila mfanyakazi akiwa na ufunguo wake, rekodi zinaweza kumtetea asiye na hatia.

Kampuni inayohifadhi habari za wateja ina wajibu wa kuzilinda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hailindi chochote ikiwa ufunguo wa mfanyakazi aliyeondoka mwaka juzi bado unafungua mlango. Kumwondoa ni kufuta mstari mmoja kwenye faili iitwayo authorized_keys. Siku anapokabidhi kitambulisho cha ofisi ndiyo siku mstari huo unapaswa kufutwa.

Nawe kijana uliyeondoka, usione mlango uko wazi ukadhani umekaribishwa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 kinaharamisha kuingia kwenye mfumo bila idhini. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka 3, au zote mbili. Hata kama unadaiwa mshahara, hata kama msimbo wote uliuandika wewe, kuingia kwa ufunguo wa zamani "kuchungulia tu" kunaweza kukufikisha kortini badala ya wao. Mkataba ukiisha, waandikie kwa baruapepe waondoe ufunguo wako, uhifadhi ujumbe huo, kisha ufute ufunguo wenyewe. Siku ambayo seva yao itavamiwa, ujumbe huo utakuwa shahidi wako.

Hapa ndipo kutenganisha funguo kunapoacha kuwa suala la nadhifu na mchafu. Kijana wa vibarua vya mtandaoni mara nyingi hana afisa wa masuala ya wafanyakazi wala wakili, na hata mkataba wake wakati mwingine ni mazungumzo ya simu. Alicho nacho ni jina lake. Mteja wa ng'ambo hamjui kwa ukoo wala kwa sura. Anamjua kwa kazi anayotuma na kwa uaminifu wa mlango anaoachiwa wazi. Jina hilo likichafuka kwa sababu msimbo wa mteja mmoja ulionekana kwenye ghala la mwingine, hakuna maelezo ya kiufundi yatakayolisafisha.

Vyuo vyetu navyo viamke. Mwanafunzi anafundishwa lugha tatu za programu, anafundishwa hifadhidata, anahitimu akiwa hajawahi kuambiwa kwa nini ufunguo wa siri unafaa kuwekewa nywila, wala kwa nini faili yake inafaa kusomwa na mwenyewe tu. Saa 2 za darasa zinatosha. Mtu asisubiri kujifunza hili siku ya kwanza kazini, mbele ya seva inayobeba data za watu halisi.

Kwa hivyo, wiki hii, fungua folda yako ya .ssh. Hesabu funguo zilizomo. Kwa kila mmoja, andika unafungua wapi na ni nani bado anakulipa kwa mlango huo. Usioweza kuueleza, anza safari ya kuustaafisha. Mpya utakayoitengeneza, ipe jina la kazi inayofanya na uiwekee nywila. Baada ya hapo ndipo uamue kama utatumia skm, faili ya mipangilio, au skripti ya mistari ishirini uliyoiandika mwenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya ukuta huu huenda ikalipwa na mteja ambaye hana habari kwamba mlango wake unafunguliwa na ufunguo unaofungua milango mingine kumi.